Saa kuukuu ya kuzamia: kazi huanza kwenye mpira, si kwenye mashine

Mtu anaponiletea saa kuukuu ya kuzamia, mara nyingi hunionyesha uso wake uliochujuka na kuniuliza kama mashine bado ni nzima, nami humwomba kwanza aniache niitazame mipira. Saa ya kawaida ikizeeka hupoteza majira; saa ya kuzamia ikizeeka hupoteza lile jambo moja lililoitofautisha na nyingine, yaani uwezo wa kuyazuia maji, na huupoteza bila kutoa dalili yoyote mpaka siku maji yanapoingia. Inaweza kuwa inatembea vizuri mkononi ilhali kilichobaki kati ya mashine na maji ni utepe wa mpira uliokauka.

Iliyo mezani kwangu safari hii ni Seiko 6309-7040, aina iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988. Nambari iliyochongwa mgongoni inaanza na 93. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi, na kwa kuwa aina hii haikuwako 1969 wala haikufika 1989, ni saa ya Machi 1979. Kifundo chake cha kurekebishia majira kimewekwa kwenye alama ya nne ili kisichome kiganja. (Ninaposema alama ya nne nina maana ya mahali pale kwenye uso, si saa nne tuitamkayo wakati mshale mfupi uko kwenye kumi.)

Kabla ya kufungua chochote huipima kama kuna unyevu ndani. Huipasha moto mpaka nyuzi 40 hivi, huweka tone la maji ya baridi ya kawaida juu ya kioo, na baada ya dakika moja hulifuta na kutazama kwa lenzi. Ukungu ukionekana upande wa ndani, kuna maji tayari. Hii ilionyesha wingu dogo karibu kabisa na kifundo, na hapo nikajua nianzie wapi.

Mpira wa saa haufi kwa kukatika peke yake. Unapotoka kiwandani una umbo la mviringo ukiukata kwa upande, na kazi yake yote ni kusukuma: chuma kinaubana, nao hukirudishia msukumo. Miaka inapopita hukubali umbo lile la kubanwa, ukawa bapa na mgumu, na ukiutoa hubaki hivyo hivyo. Kuna mingine ambayo huyeyuka ikawa kama lami. Mpira ulio bapa hugusa chuma lakini hausukumi. Ndiyo maana saa kama hii huvuja hata kwenye beseni: kilindini, shinikizo lenyewe husaidia kukandamiza kioo na kifuniko juu ya mipira yao, lakini kwenye maji mafupi hakuna wa kusaidia. Hata kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425, hakiridhiki na kipimo cha shinikizo kubwa pekee. Baada yake saa huachwa kwenye shinikizo dogo la bar 0.3, kwa sababu ni hapo mpira mbovu hujulikana.

Kubadili mpira ni jambo la dakika chache. Jambo refu ni mfereji unamokaa. Chuma cha pua hakishiki kutu kwa sababu ya utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu unaojitengeneza upya kila unapokwaruzwa, lakini kwa kujitengeneza unahitaji oksijeni, na chini ya mpira, ambako chumvi ya bahari na jasho hunasa, oksijeni haifiki. Hapo chuma huliwa vishimo vidogo. Ukiweka mpira mpya juu ya vishimo hivyo umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Katika saa hii mfereji wa kifuniko cha nyuma ulikuwa na vishimo vitatu, viwili vya juujuu ambavyo niliviondoa kwa kusugua taratibu, na kimoja ambacho kilikuwa upande wa nje wa mpira, nikakisafisha na kukiacha. Kukichimba mpaka kiishe kungepunguza chuma kinachobana mpira, na hasara ingezidi faida. Kifundo kilikuwa na tatizo lake: mpira wake wa ndani ulikuwa mgumu kama plastiki, na kutoka hapo ndipo lile wingu lilipoingilia.

Juu ya grisi ya silikoni niseme neno moja, kwa maana nimeona saa zilizojazwa grisi kana kwamba ndiyo izuiayo maji. Hupakwa utando mwembamba tu, ili mpira uteleze bila kujipinda wakati kifuniko kinapozungushwa. Pengo halizibwi kwa grisi.

Sasa mashine. Hii ni ya kujijaza kwa mwendo wa mkono, ina vito 17, yaani vijiwe vigumu vinavyoshika ncha za ekseli, na gurudumu lake la mizani hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde. Kwanza huachilia nguvu yote ya kamani, ile springi inayoiendesha saa, polepole, kwani kuifungua ikiwa imejaa ni kuvunja meno ya gia. Kisha hutoa kila kipande, huosha na kukagua ncha za ekseli. Mafuta yaliyokauka huacha unga mweusi, na unga huo ukichanganyika na chembe za chuma huwa msasa; kwa hiyo saa iliyotembea miaka mingi bila kusafishwa imekuwa ikijisaga yenyewe, na kutembea kwake si ushahidi wa afya.

Kutia mafuta ndiko kunakotenganisha mafundi. Kitone kwenye kito kinapaswa kuizunguka ncha ya ekseli bila kujaza kikombe. Nanga, kile kipande chenye mikono miwili kinachoachilia gurudumu jino moja moja, haiwekwi mafuta kwenye ekseli zake hata kidogo, kwa kuwa mwendo wake ni mfupi mno na mafuta yangeuzuia. Hutiwa kwenye nyuso za vito vyake tu. Na ukuta wa ndani wa pipa la kamani unataka grisi maalumu inayoshika, maana kamani ya saa ya kujijaza imeundwa iteleze ikishajaa. Ikiteleza mapema kwa sababu ya mafuta laini, saa husimama usiku na mwenyewe hulaumu kila kitu isipokuwa pipa.

Mwenye saa alitaka pia uso upakwe rangi upya na ganda ling'arishwe. Nilikataa yote mawili, naye tukabishana kidogo. Kung'arisha ni kuondoa chuma, na ukingo mkali ulio kati ya sehemu iliyopigwa msasa na ile inayong'aa ukishalainishwa haurudi. Rangi ya kung'aa gizani nayo imeshazimika, lakini kuizindua kungemaanisha kuikwangua. Katika saa za kabla ya miaka ya 1960 kuisha kukwangua ni hatari hasa, kwa sababu nyingi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari: mng'ao hufa baada ya chembe za salfidi ya zinki kuchoka, ilhali radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Unga wake hauvutwi puani. Saa za namna hiyo sizifungui uso kabisa.

Ganda nililifunga tupu na kulipima kwanza bila mashine, kwa hewa, si kwa maji. Maandishi ya mita 150 usoni ni ahadi ya saa mpya. Kwa kina hicho kioo chenye kipenyo cha mm 30 hubeba mzigo unaozidi kilo 100, na sina haja ya kujua kama kioo cha 1979 bado kinauweza. Nilipima kwa kiasi cha kuogelea tu, ikapita. Baada ya kurudisha mashine, mzunguko wa mizani ulifika digrii 265 uso ukiwa juu, ukashuka mpaka 235 saa ikiwekwa wima, na tofauti ya majira ikawa sekunde nane mbele kwa siku. Ningeweza kuipunguza, ila mizani ya umri huu hubadilika kidogo wiki za kwanza, kwa hiyo nimemwambia airudishe baada ya mwezi. Doa la unyevu karibu na alama ya nne bado lipo usoni.