Kusoma nje ya nchi: barua ya udahili umeipata, je, kanuni za maisha ya chuo unazijua?

Kuanzia Julai hadi Oktoba kila mwaka, dawati letu la wanafunzi wanaokwenda kusoma nje hujaa wazazi wenye bahasha za kaki. Ndani kuna barua ya udahili, nakala ya pasipoti, matokeo ya kidato cha sita na mara nyingi risiti ya wakala. Maswali yao ni mawili, viza na ada. Tunayajibu, wanashukuru, wanaondoka. Ikifika Februari au Machi baadhi yao hurudi, safari hii wameshika simu tu, na kwenye simu kuna ujumbe wa mtoto: jina langu halipo kwenye orodha ya mtihani, nimezuiwa mtihani kwa sababu ya mahudhurio, ofisi ya uhamiaji imeniita. Malalamiko ya namna hiyo yamekuwa mengi kiasi kwamba tumeona tuandike.

Niseme mapema kwamba vijana hawa si wavivu. Karibu wote niliowahudumia walikuwa na ufaulu mzuri, na wazazi wao walijinyima ili wafike huko. Kilichowaangusha ni kuishi ugenini kwa kanuni za chuo cha nyumbani. Fizikia haibadiliki ukivuka mpaka, lakini nani ana wajibu wa kukukumbusha, nani anahesabu siku zako darasani, unalala wapi na nani, unaruhusiwa kufanya kazi kiasi gani, hayo yote hubadilika. Nitatumia nchi mbili, Ujerumani na India, kwa sababu zimekaa pande mbili zinazopingana, na anayezielewa hizo mbili hashangai sana akifika kwingine.

Mwaka mmoja alinijia kijana aliyekuwa likizo, mwanafunzi wa uhandisi huko Ujerumani. Muhula mzima alihudhuria kila mhadhara, akafanya mazoezi yote, akajisomea maktaba na wenzake. Siku ya mtihani akafika mapema na kitambulisho chake. Msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha mara mbili, kisha akamwomba atoke. Kijana alinionyesha simu yake: ukurasa wa mfumo wa chuo, somo lipo, na pembeni yake kitufe cha kujisajili kwa mtihani kimegeuka kijivu. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita siku kumi na moja kabla. Hakuna aliyemtumia ujumbe, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumtumia.

Hapa nyumbani ukishasajili somo na kulipa ada, na alama zako za kozi weki, yaani kazi na majaribio ya katikati ya muhula, zikatimia, mtihani wa mwisho wa muhula unakufuata wenyewe. Ratiba hubandikwa, kiongozi wa darasa huirusha kwenye kundi la WhatsApp, na aliyesahau hupigiwa simu na mwenzake. Katika vyuo vya Ujerumani kusajiliwa chuoni ni hatua ya kwanza, kujiandikisha somo ni ya pili pale inapotakiwa, na kujisajili kwa mtihani ni ya tatu, yenye tarehe zake za kufunguliwa na kufungwa. Ukijisajili kisha usitokee, na hukujiondoa ndani ya muda, unaandikiwa 5.0, yaani umeanguka. Ukiugua, cheti cha daktari lazima kifike ofisi ya mitihani ndani ya muda ulioandikwa kwenye kanuni za programu yako. Ukikipeleka wiki tatu baadaye hakikusaidii. Majaribio nayo yana kikomo, mara nyingi matatu. Ukianguka jaribio la mwisho kwenye somo la lazima unafutiwa usajili, na sehemu inayofuata ndiyo watu hawaielewi mpaka iwakute: kwa kawaida huwezi tena kusoma programu hiyohiyo katika chuo kikuu kingine cha Ujerumani. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hapa kwetu ni pigo, lakini mtu huomba upya kwingine na maisha yakaendelea. Kule mlango wa fani hiyo hufungwa nchi nzima, na kibali chako cha kuishi, kilichotolewa kwa ajili ya masomo hayo, kinaingia mashakani.

Alama zao pia zimegeuzwa. Ya juu kabisa ni 1.0, na ya mwisho ya kufaulu ni 4.0. Sisi tumezoea GPA ya 5, daraja la kwanza likianzia 4.4. Mama mmoja alifika ofisini macho mekundu kwa sababu binti yake alimtumia picha ya matokeo yenye 1.3. Ilinichukua muda kumwelewesha kwamba binti yake yuko miongoni mwa wanaofanya vizuri sana.

Katika mihadhara mingi ya Ujerumani hakuna anayeita majina. Ukumbi unaweza kuwa na mamia ya wanafunzi na profesa asijue kama ulikuwepo. Mahudhurio hudaiwa zaidi maabara na kwenye semina. Vijana wetu huona huo ni uhuru, na uhuru ni kweli, ila unalipwa mwisho wa muhula, kwa sababu masomo mengi alama yake yote hutoka kwenye mtihani mmoja. Hakuna kozi weki ya 40 ya kukubeba. Jambo dogo ambalo huwaaibisha wageni: ratiba ikiandika saa nne na pembeni kuna herufi c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo. Ikiandika s.t., ni saa nne kamili, na mlango ukishafungwa usiingie kwa kelele.

Sasa kuhusu maneno kwamba "Ujerumani ni bure". Tumelisema hili kwenye maonesho ya vyuo, tumelisema redioni, na bado kila wiki linakuja. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Hiyo haina maana kwamba vyote havitozi, wala kwamba kuishi huko hakuna gharama. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza wanafunzi wapya wa kundi hilo tangu mwaka wa masomo 2024/25. Mahali pasipo na ada kuna mchango wa muhula. Bima ya afya ni lazima, na bila bima chuo hakikusajili. Na kabla ya viza utatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu. Wengi hufanya hivyo kupitia akaunti maalumu ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto: unaweka fedha za mwaka mzima, kisha unatoa kiasi maalumu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Fedha hizo ni zako, hazilipwi ubalozini wala kwa wakala. Anayekuambia umpe yeye akutunzie, ondoka ofisini kwake.

Linaloambatana na hilo ni "nikifika nitafanya kazi nijilipie". Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au siku 280 za nusu, kwa sheria iliyoanza Machi 2024. Siku ya nusu ni ile isiyozidi saa nne. Kazi za usaidizi chuoni kwa kawaida hazihesabiwi humo. Kujiajiri, hata kwa kusambaza chakula kwa baiskeli, kunahitaji ruhusa ya peke yake. Ukizidisha siku, tatizo litajitokeza unapokwenda kuongeza muda wa kibali, maana nyaraka za mshahara na kodi zinaonyesha kila kitu. Hatumzuii mtu kufanya kazi. Tunachosema ni kwamba bajeti ya mwaka wa kwanza isitegemee kazi ambayo bado hujaipata, katika lugha ambayo bado huijui vizuri.

Ukishahamia kwenye chumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ya mji, ukiwa na pasipoti na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi hapo. Ukichelewa unaweza kutozwa faini. Lakini hasara kubwa ni kwamba hatua nyingine zinaisubiri karatasi hiyo, kuanzia namba ya kodi hadi kibali cha kuishi. Ndiyo maana tunawakataza vijana kwenda "kujishikiza" kwa rafiki kwa miezi. Hapa kwetu kubebana hosteli, wawili kitanda kimoja, ni jambo linalojulikana na wengi tumelipitia. Kule mkataba wa chumba una jina moja, na kumweka mtu bila ruhusa ya mwenye nyumba kunaweza kuvunja mkataba wa aliyekukaribisha kwa wema. Vyumba vya bei nafuu vya wanafunzi hutolewa na taasisi iitwayo Studierendenwerk, na foleni yake ni ndefu. Omba siku ileile unayopata udahili, usisubiri viza.

Na kule kuna ukimya. Jumapili maduka yamefungwa, baada ya saa nne usiku hutakiwi kusikika chumba cha pili, na jiko la pamoja lina zamu ya usafi iliyobandikwa ukutani. Aliyezoea korido za hosteli zenye muziki na mlango ulio wazi muda wote anaweza kupita wiki tatu bila mtu kubisha hodi. Nimewasikiliza vijana wakilia kwenye simu kwa sababu hiyo tu, bila tatizo lolote la masomo. Mzazi, mpigie mwanao Jumapili.

India ni kinyume karibu kwa kila kitu, na aliyeambiwa habari za Ujerumani na kaka yake atapotea huko.

Vyuo vingi vya India hudai mahudhurio ya asilimia 75 kwa kila somo. Tufanye hesabu: somo lina vipindi 60, unatakiwa uwe umehudhuria 45. Ukikosa 15 bado umo, ukikosa 16 umezuiwa mtihani, hata kama ulikuwa unaongoza darasa. Vipindi mara nyingi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya masomo, Julai au Agosti, na wanaochelewa kwa sababu ya viza huanza wakiwa na deni. Ukifika umechelewa, peleka barua ya maelezo kwa mkuu wa idara wiki ileile, na ubaki na nakala yenye muhuri. Ukilazwa, chukua cheti cha hospitali siku unayotoka. Haya mambo hayafanyiki Novemba baada ya orodha ya waliozuiwa kubandikwa.

Hosteli zao zina mlezi, wavulana na wasichana majengo tofauti, na nyingi hufunga geti saa tatu au saa nne usiku. Kulala nje kunaombewa ruhusa kwa maandishi, na wakati mwingine mzazi hupigiwa simu. Chakula ni cha bwalo, kwa saa maalumu, na sehemu nyingi hakina nyama kabisa. Kijana wa miaka ishirini na mbili huona anafanywa mtoto. Nawaelewa, ila mkataba wa hosteli umeusaini mwenyewe.

Kuna fomu moja ambayo wazazi wetu husaini bila kusoma. Tangu kanuni za mwaka 2009 za Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ya India, kila mwanafunzi pamoja na mzazi wake hutoa kiapo cha maandishi kwamba mwanafunzi hatashiriki kuwaonea wageni wa mwaka wa kwanza. Kuwaimbisha, kuwatuma dukani usiku, kuwadhalilisha kwa mzaha: yote yamo. Adhabu huanzia kusimamishwa hadi kufukuzwa, na suala linaweza kupelekwa polisi. Kiapo hicho kina upande wa pili: mwanao akionewa, ana haki ya kulalamika na chuo kina wajibu wa kushughulikia. Wengi hunyamaza kwa kudhani ndiyo desturi ya huko.

Viza ya mwanafunzi ya India haikuruhusu kuajiriwa. Na mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anatakiwa kujiandikisha kwa ofisi ya uhamiaji ya wageni ndani ya siku 14 tangu kufika, kwa njia ya mtandao, akiwa na barua ya chuo na uthibitisho wa makazi. Wanaopuuza hugundua kosa siku ya kuomba ruhusa ya kutoka nchini, tiketi ikiwa imeshakatwa. Ukitaka mfumo wa India bila haya ya uhamiaji, tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lipo Zanzibar tangu 2023.

Uganda nitaigusa tu. Kwa kuwa ni jirani, watu huenda Makerere kama wanaokwenda Morogoro. Angalia mapema chumba, kwa kuwa wengi huishi hosteli za watu binafsi, na soma utaratibu wa kurudia somo uliloanguka, maana haufanani na sapu yetu, yaani mtihani wa marudio.

Kabla ya kuondoka, Mtanzania anayekwenda kusoma nje anatakiwa kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Cheti hiki kinahusu chuo na programu unayokwenda kusoma. Ukibadili chuo ukiwa huko, rudi TCU uulize, usidhani kile cha mwanzo kinatosha. Ukihitimu, shahada yako itapitia TCU tena ili itambuliwe, na hapo utatakiwa kuwa na cheti pamoja na orodha kamili ya alama. Tunza nakala za kila muhula. Wanaosomea udaktari wazungumze pia na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kulipa ada popote. Maelezo haya hayachukui nafasi ya kanuni za chuo chako wala za ubalozi, na viwango vya fedha hubadilika. Hakiki kwenye tovuti zao rasmi wiki unayotuma maombi.

Mwisho ni ombi kwa wazazi. Mnapokuja dawatini, njooni na mwanafunzi mwenyewe, na aje na simu yake. Tutafungua pamoja naye tovuti ya chuo, tutatafuta kanuni za mitihani na kalenda ya muhula, na ataingiza tarehe za kujisajili kwenye simu hiyo kabla hajainuka kitini. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa. Yule kijana wa uhandisi alifanya hivyo hapa mezani kwangu, akarudi Ujerumani, na mtihani ule akaufanya muhula uliofuata.