Baiskeli nzito: uzito uko wapi?

Wateja wengi wanaoniletea baiskeli hapa Shinyanga wakilalamika kwamba imekuwa nzito huwa wamekwisha kuumwagia mnyororo oili chafu ya injini, ilhali mara nyingi mnyororo hauna kosa lolote. Oili hiyo hunasa vumbi na mchanga, ikawa kama msasa unaosaga meno ya friwili, yaani gia ya gurudumu la nyuma, nami hulazimika kuuosha mnyororo kwa mafuta ya taa kabla sijagusa kitu kingine.

Mimi huanza na upepo. Tairi la inchi 28 lililolegea hunyumbuka kila linapozunguka, na nguvu ya miguu huishia humo. Ikiwa unajaza jioni na asubuhi umepungua, usikimbilie kutafuta pancha, kwa kuwa baiskeli nyingi za huku hutumia vali yenye kijimpira chembamba kilichovalishwa juu ya kijibomba chake, na kijimpira hicho kikizeeka hupasuka na kuvujisha upepo polepole.

Upepo ukiwa sawa, inua baiskeli na uzungushe magurudumu kwa mkono, moja baada ya jingine. La mbele halihusiani kabisa na pedeli, kwa hiyo likisimama mapema kosa liko kwenye breki, madigadi au habu, yaani kitovu cha gurudumu. Rimu iliyopinda hugusa raba ya breki mahali pamoja tu, nawe utasikia mkwaruzo unaokuja na kupotea. Raba iliyobana hukwaruza muda wote. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hujishindilia chini ya madigadi hadi gurudumu likakwama, na hapo kijiti kinafaa kuliko spana. Ikiwa hakuna kinachogusa, fungua gurudumu na uizungushe ekseli, chuma kinachopita katikati ya habu, kwa vidole: ikikwaruza, gololi zimekaukiwa grisi au zimevunjika, ikigoma, koni, zile nati zinazobana gololi, zimekazwa mno.

Kisha toa mnyororo, hatua ambayo vijana ninaowafundisha hupenda kuiruka kwa sababu inachafua mikono. Mnyororo ukiwa pembeni, krenki, yaani mikono ya pedeli, zikizunguka kwa shida, tatizo liko kwenye gololi za katikati, pale krenki zinapopita kwenye fremu, na gurudumu la nyuma likigoma, rudi kwenye habu au breki. Vyote viwili vikiwa vyepesi, mtuhumiwa ni mnyororo wenyewe. Upime kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, mnyororo mpya una inchi 12 kamili, na ukizidi kwa sehemu ya nane ya inchi umekwisha. Ukiwa bado mzima, tazama kama umevutwa kupita kiasi. Unapaswa kucheza takriban nusu inchi katikati, nawe upime pale unapokaza zaidi, kwa kuwa sproketi ya mbele ni nadra kuwa duara kamili.

Kuna kosa moja ambalo vipimo hivi vyote vinaweza kulipita. Kijana mmoja anayebeba magunia ya mkaa alinijia akisema kwamba baiskeli yake ni nyepesi ikiwa tupu, lakini akipakia haiendi. Niliiinua, nikazungusha kila kitu, sikuona kasoro. Nilipomwambia akalie kerieri na kuyumba kidogo, tairi la nyuma liliegemea fremu. Ekseli ilikuwa imekatika ndani ya habu, na kwa kuwa nati za pande zote mbili zilikuwa zimeshika vipande vyake, gurudumu halikutoka. Lilikuwa likilala upande kila lilipopata mzigo. Alikuwa amesafiri hivyo kwa wiki mbili. Dalili yake ni mkwaruzo unaong'aa kwenye bomba la fremu karibu na tairi la nyuma, na ukiuona, shusha mzigo na uisukume baiskeli kwa mkono hadi kwa fundi.