Usimuulize mtoto "unataka kukaa kwa nani?"

Wazazi wakishatengana, swali hili humfikia mtoto mapema kuliko msaada wowote. Huulizwa na shangazi, na jirani, hata na mjumbe wa baraza la usuluhishi mbele ya baba na mama. Mimi, afisa ustawi wa jamii ninayemsikiliza mtoto na kuiandikia mahakama ripoti, siliulizi. Akijibu "kwa mama" ataonekana amemkana baba. Akinyamaza, inaandikwa kwamba hana maoni.

Wala sheria haimtaki achague. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinatanguliza ustawi wa mtoto, ndipo yaangaliwe matakwa ya wazazi, ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maoni hayo yawe yametolewa kwa uhuru. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Lakini hata mtoto wa miaka 5 anaweza kueleza vizuri nani humwogesha na nani humtisha. (Kwetu Usukumani mahari huletwa kama hoja ya kufunga mjadala, kwamba aliyeilipa ndiye mwenye watoto. Mila inasikilizwa, ila haiupiti ustawi wa mtoto.)

Ugumu uko kwenye huo uhuru. Mama akiketi kwenye benchi nje ya mlango, mtoto huzungumza ili mama asikie. Kwa hiyo napanga vikao viwili vya dakika 30 hadi 40, siku tofauti: kimoja aletwe na mzazi huyu, kingine na yule au ndugu wa upande wake. Watoto wa tumbo moja nawasikiliza mmoja mmoja. Anayeongea Kisukuma au Kikerewe nyumbani aongee hivyo hivyo. Kabla ya yote namwambia kwamba anayeamua ni hakimu, na kwamba akiniambia anaumizwa sitaweza kulificha.

Halafu namwomba anisimulie siku ya jana, tangu alipoamka. Nani alimwamsha? Sare ilikuwa nyumba gani? Humo ndimo yanamotoka mambo ambayo hakimu anaweza kuyaandika kwenye amri: asihamishwe shule kabla ya mtihani wa darasa la nne, baba apige simu Jumapili jioni, asiachwe peke yake na mtu fulani. Baba akiwa mvuvi wa dagaa, usiku wa giza yuko ziwani na karabai. Mbalamwezi ikiwaka ndipo anapumzika. Amri ya "kila mwisho wa mwezi" inaweza kumshusha mtoto Nansio, bandari ya Ukerewe, wakati baba hayupo. Watoto wa kambi za wavuvi wanaijua ratiba hii kuliko mawakili.

Wa miaka 6 akisema "hatoi matunzo", au ndugu wawili wakitoa sentensi ileile kwa mpangilio uleule, huenda wamefundishwa. Haina maana kwamba ni uongo. Naomba mfano: uliona nini, ilikuwa lini? Aliyekaririshwa huishiwa maneno. Shida ni kwamba mwenye hofu naye huishiwa, na ndiyo maana kikao cha pili hakirukwi.

Kwenye ripoti maneno yake yanakaa ndani ya alama za kunukuu, tathmini yangu katika aya nyingine, na namsomea kabla haijaenda mahakamani. Sentensi inayoweza kumletea kipigo naionyesha kwa hakimu, ambaye anaweza kumsikiliza faragha.

Mahakama haifungwi na ushauri wetu. Ikiamua tofauti na alivyosema mtoto, mtu aliyemsikiliza arudi amweleze sababu kabla mabegi hayajafungwa, maana akiipata habari kwa mzazi aliyeshinda kesi, ataipata nusu.