Umezima Kompyuta Jana, Mbona Inasema Siku 19?

Nilitengeneza kiprogramu kidogo cha kuonyesha kompyuta imekaa muda gani tangu iwake, nikakiweka kwenye mashine ya steshenari moja hapa Moshi. Baada ya wiki chache mama mwenye duka akaniita: "Mwanangu, kitu chako kinadanganya. Mimi nazima kila jioni, chenyewe kinasema siku 19!"

Hakikudanganya. Wengi tunaamini kuzima ni kuzima, lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mtindo wa kuwaka haraka. Ukibonyeza kuzima, programu zako zinafungwa kweli, ila kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski, katika faili la hiberfil.sys. Asubuhi kinarudishwa kilivyokuwa, na hesabu ya muda inaendelea, saa za usiku zikiwemo. Kinachoirudisha sifuri ni kuwasha upya, au kushikilia kitufe cha Shift unapozima. Cha kuchekesha, umeme ukikatika ghafla mashine ikiwa kazini, hesabu nayo inaanza upya.

Nami nilikuwa na kosa langu, ila lilikuwa bado halijaonekana. Nilitumia GetTickCount, amri ya Windows inayohesabu milisekunde tangu mashine iwake, ambayo hurudi sifuri kila baada ya siku 49.7 hivi kwa kuwa namba yake ina biti 32 tu. Nikahamia GetTickCount64, ndugu yake yenye biti 64. Mama nikamwambia awe anawasha upya kila Jumamosi. Printa yake iliyokuwa inagoma nayo ikatulia.