Kushuka na frii, na uongo mwingine ninaousikia gerejini Nakuru

Wiki jana nilifungua gurudumu la nyuma la vani moja ya kubeba viazi, nikakuta drami ya breki imegeuka samawati kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Shuu za breki zilikuwa ziking'aa, ukizigusa zinateleza kama kioo. Nilipolegeza nati ya kutolea hewa, mafuta ya breki yakatiririka kwenye chupa yakiwa na rangi ya strungi. Mwenye gari, mzee wa heshima zake, alikuwa amesimama kando ameshika gazeti.

"Mzee wangu, ukitoka Molo na mzigo unashuka vipi?"

"Na frii tu, fundi. Si unaona bei ya mafuta?"

Jibu hilo, la kushuka mlima gia ikiwa imetolewa eti uokoe mafuta, nimelisikia kwa madereva wa matatu, wa gari za shule, wa mikate, wa maziwa, hata kwa kijana mmoja aliyekuwa bado anasomea udereva. Wote husema kwa ile sauti ya mtu anayekugawia siri. Nimechoka kulijibu nikiwa nimelala chini ya gari, kwa hiyo leo nalijibu nikiwa nimekaa.

Tuanze na hayo mafuta mnayodai mnaokoa. Gari lolote la petroli lenye injekta (vinyunyizio vya petroli), yaani karibu kila vani iliyoingia nchini kutoka Japani miaka hii, lina kompyuta inayojua ukiachia mafuta huku gia imeingia. Wakati huo magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Kompyuta ikiona hivyo inafunga injekta kabisa, hadi mizunguko ishuke karibu na ile ya injini ikiunguruma tu gari limesimama, ndipo izifungue tena ili gari lisizime. Hapo katikati petroli inayoingia ni sifuri. Ukiweka frii, magurudumu hayasukumi tena injini, kwa hiyo injini lazima ijiendeshe yenyewe, na kwa hiyo lazima inywe. Injini ya lita mbili ikiunguruma tu hunywa kitu kama lita moja kwa saa, pengine pungufu kidogo. Mteremko wa robo saa na frii unakugharimu kama robo lita. Mteremko huohuo ukiwa kwenye gia na mguu nje ya mafuta, hakuna kitu. Hata zile dizeli za zamani zenye pampu isiyo na kompyuta, gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko, hukata mafuta vivyo hivyo.

Mzee hakuniamini. Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari kwenye vani yangu, nikamketisha kando, tukapanda hadi juu kule Menengai, tukageuza. Nikamwambia asiangalie barabara, aangalie namba ya muda ambao injekta inakaa wazi. Tumesimama, injini ikiunguruma, ilisoma milisekunde mbili na ushee. Tukaanza kushuka kwenye gia ya tatu, nikaondoa mguu: sifuri. Nikatia frii: mbili na ushee tena. Nikarudisha gia: sifuri. Nilirudia mara nne, kwa sababu mara ya pili alisema mashine labda ni ya Kichina. Tulipofika mitaa ya Milimani alikuwa amekunja gazeti.

Imani hii haikutoka hewani, nakubali. Enzi za kabureta, injini ilikuwa ikinyonya petroli hata ukiachia mafuta, na mizunguko ikiwa juu ilinyonya zaidi. Baba zenu walioendesha gari za kabureta hawakudanganya. Ila gari limebadilika na ushauri umebaki palepale. Tena kwenye mteremko mwepesi sana, ule ambao gari likiwa kwenye gia linapungua mwendo, frii itakubeba mbali kidogo zaidi. Lakini hakuna anayeniletea drami ya samawati kutoka mteremko mwepesi.

Petroli hata si shida kubwa. Shida ni joto. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Chukua vani na viazi vyake, jumla tani mbili, ishushe mita 600 hizo. Nguvu inayoachiliwa hapo inatosha kuchemsha karibu mitungi miwili ya lita 20 ya maji baridi. Upepo na tairi vinachukua sehemu yake. Kinachobaki lazima kiende mahali, na ukiwa na frii mahali pekee ni breki: vipande vya chuma ambavyo unaweza kuvibeba kwa mikono miwili. Ukiwa kwenye gia, injini inapokea mzigo huo na kuutupa kupitia ekzosi na rejeta, vitu vilivyotengenezwa kwa kazi ya kutupa joto mchana kutwa.

Breki zikipata moto kupita kiasi, mambo mawili hutokea. Kwanza, pedi na shuu hupoteza mng'ato. Unakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, gari halisimami. Pili, na hili ndilo la kutisha, mafuta ya breki huchemka. DOT 3, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishakunywa maji kidogo kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Pedali inazama hadi sakafuni kana kwamba hakuna kitu. Ukifika gerejini kesho yake breki zimepoa, pedali imerudi, na fundi asiyeuliza maswali atakwambia gari liko sawa.

Kila mtu hapa anaijua Salgaa, na kila mtu anaijua Sachangwan, miteremko ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Malori yaliyoangamiza watu pale, mengi yalikuwa yakishuka na frii, na baada ya kila ajali tulilaani madereva wa malori. Kisha tunaingia kwenye vani zetu zenye tani nzima nyuma na kufanya kilekile. Wenzangu wa Kisumu nao wana mteremko wa Riat, na ukitoka Kericho kuelekea Ahero unateremka hadi masikio yanaziba.

Kuna wale wanaozima injini kabisa. Hao huwa sibishani nao, huwaonyesha tu. Busta ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga, inategemea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Injini ikizimwa, umebakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa jiwe. Usukani wa pawa unakuwa mzito. Ukizungusha ufunguo hatua moja zaidi kwa bahati mbaya, usukani unaweza kujifunga, na wewe uko kwenye kona. Kwa vani ya otomatiki kuna nyongeza: pampu inayolainisha giaboksi inazungushwa na injini. Umezima injini, magurudumu yanazunguka, ndani ya giaboksi chuma kinasugua chuma kikavu. Nimeshafungua giaboksi moja ya namna hiyo. Mwenyewe alidhani amerogwa.

Kwa hiyo: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia, na uitie kabla mteremko haujaanza, si katikati ukiwa umeshachanganyikiwa. Otomatiki ina L na 2, yaani gia ndogo, au kitufe cha O/D cha kuzima gia ya juu kabisa. Kitufe hicho hakikuwekwa kama pambo. Injini ikinguruma kwenye gia ndogo msiogope, inafanya kazi yake, mradi sindano isifike kwenye mstari mwekundu. Breki kanyaga kwa uthabiti, punguza mwendo, achia zipoe, kanyaga tena. Usiegemeze mguu pale kuanzia juu hadi chini. Na mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili. Kuongeza hakutoshi. Watu wanabadilisha oili ya injini kama dini lakini mafuta ya breki ni yaleyale yaliyotoka nayo Japani.

Sasa huo uongo mwingine. "Toa themostati, gari halitachemka tena." Hii inatoka kwa mafundi wenzangu, kwa hiyo inaniaibisha kuliko kunikasirisha. Themostati ni mlango unaofunguka maji yakifika karibu nyuzi 82. Ukiung'oa, asubuhi ya baridi kule Timboroa injini haipati joto lake, kompyuta inadhani bado ndiyo kwanza umewasha, inaongeza petroli, na petroli nyingine inapenya hadi kwenye oili. Halafu zipo injini ambazo themostati hiyohiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi ya mwanzo.

Gari linalochemka lina sababu. Kabla hujagusa themostati, badilisha kifuniko cha rejeta. Kazi yake ni kushikilia presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700. Maji kwenye sufuria ya wazi huko huchemka karibu nyuzi 91, joto ambalo kwa injini ni la kawaida kabisa. Kifuniko kilicholegea kinageuza rejeta kuwa sufuria ya wazi. Kisha angalia feni, angalia kama mapezi ya rejeta yamejaa matope, na kama gasketi ya hedi imepasuka. Vani nyingi injini iko chini ya kiti cha dereva, kwa hiyo ukihisi makalio yanaiva kuliko kawaida, usingoje sindano ikwambie. Na weka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya kweli. Maji ya kisima yanaacha chumvi na kutu ndani, na ile rangi ya kijani inayouzwa ndani ya chupa za soda kando ya barabara ni rangi tu.

"Ongeza springi moja, itabeba." Springi inainua tumbo la gari, basi. Breki ni zilezile, ekseli ni ileile, bearingi ni zilezile. Sasa gari linasimama wima limebeba kupita uwezo na hata polisi hawaoni. Vani ndogo zile za Suzuki na Daihatsu zenye injini ya cc 660, kwao Japani hazikubaliwi kubeba zaidi ya kilo 350. Hayo ni magunia saba ya kilo 50. Ninaziona zikitoka Njoro na kumi na mawili, tena ya lumbesa, kana kwamba kile kilemba cha viazi juu ya gunia hakina uzito.

Mzigo unanileta kwenye tairi. Watu wananunua tairi za gari dogo kwa sababu zinaingia kwenye rimu na bei ni nafuu. Soma ubavuni. Tairi ya vani ina herufi C au LT na namba kama 106/104, maana yake moja ikiwa peke yake inabeba kilo 950. Tairi ya gari dogo ikiandikwa 91, inabeba 615. Zidisha kwa nne uone mwenyewe. Na tafadhali, yule anayepunguza upepo adhuhuri "ili tairi isipasuke na jua" aache. Tairi yenye upepo mdogo inakunjika ubavuni kila inapozunguka, inapata joto kwa ndani, ndipo inapopasuka. Presha kuongezeka tairi ikipata moto ni jambo walilolipigia hesabu waliotengeneza tairi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko cha kwenye mlango. Ukishatoka barabarani, tairi ikiwa moto, usitoe hata pumzi moja. Tarehe nayo imeandikwa palepale: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umezeeka kama kiatu cha babu.

"Oili ya dizeli imekuwa nyeusi, imeharibika." Hapana. Dizeli ina masizi, na oili nzuri huyabeba masizi hayo ili yasigande kwenye injini. Siku mbili tu baada ya sevisi itakuwa nyeusi. Hesabu kilomita, usihesabu rangi. Kinyume chake, oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ni ya kusimamisha gari papo hapo, maana maji yameingia.

"Taa ya mafuta ikiwaka bado nina kilomita hamsini." Labda unazo. Lakini pampu ya petroli iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Anayeishi kwa kuweka mafuta ya mia mbili mia mbili huja kwangu kununua pampu, kisha analalamika bei.

Na ndugu zangu wa kuwasha gari saa kumi na moja alfajiri na kuliacha likinguruma nusu saa "lipate joto": gari linapata joto likitembea polepole, si likisimama. Dakika moja inatosha, uondoke taratibu. Majirani pia walale.