Kikuku, kifupa kidogo cha sikioni, kikikwama, hubadilishwaje?

Piga mbizi baharini, kisha mwenzako aliye ufukweni akuite kwa nguvu zake zote. Utasikia kidogo sana, au hutasikia kabisa. Sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Ajabu ni kwamba ndani ya kichwa chako sauti hufanya safari hiyohiyo kila sekunde, maana seli zinazosikia zimo ndani ya majimaji, katika mfereji uliojiviringa kama konokono. Inawezekanaje basi ukamsikia mtu anayenong'ona?

Kazi hiyo hufanywa na vifupa vitatu vilivyoshikana katika sikio la kati: nyundo, fuawe na kikuku. Nyundo imegandamana na ngoma ya sikio. Kikuku, kwa umbo, ni kama kile cha kupandia farasi, na wayo wake umeziba kidirisha cha kuingilia sikio la ndani. Ngoma ina eneo kubwa mara 17 hivi kuliko wayo huo, kwa hiyo nguvu iliyoenea kwenye ngoma hukusanywa mahali padogo, jinsi uzito wa seremala unavyokusanyika kwenye ncha ya patasi. Vifupa vyenyewe huongeza kidogo kwa kufanya kazi kama wenzo. Mwisho wake, shinikizo linaloingia kwenye majimaji huwa limezidishwa zaidi ya mara 20. Na kikuku chenyewe ni mfupa mdogo kuliko yote mwilini: urefu wake ni milimita 3 hivi, uzito miligramu 3 hivi.

Kuna ugonjwa uitwao otosklerosi, ambao mfupa huota kuzunguka wayo wa kikuku hadi kikakwama. Ngoma ni nzima, sikio la ndani linaweza kuwa zima, ila mlango wa katikati haufunguki. Daktari hupata dalili yake kwa kifaa rahisi, uma wa chuma unaovuma ukigongwa. Akiukalisha kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, mgonjwa husikia vizuri kuliko ukiwekwa mbele ya tundu la sikio. Kwa mtu mwenye afya huwa kinyume chake.

Mwaka 1952, mjini New York, daktari Samuel Rosen alikuwa akimpasua mgonjwa aliyepigwa ganzi tu, yu macho. Alikigusa kikuku kupima kama kimekwama, kikalegea, na papo hapo mgonjwa akasema anasikia. Taabu ni kwamba vikuku vingi vilivyolegezwa vilikwama tena. Ndipo tarehe 1 Mei 1956, huko Memphis, Marekani, daktari John Shea alipofanya kilichoonekana kama wazimu: alikitoa kikuku chote, akafunika kidirisha kwa kipande cha mshipa wa damu wa mgonjwa, akaweka kikuku cha bandia cha Teflon, aina ya plastiki. Mgonjwa akasikia.

Siku hizi, kwa kawaida, kikuku hakitolewi chote. Wayo hutobolewa tundu lisilofika milimita moja, kisha pistoni, yaani kijiti cha metali ya titani au cha Teflon, yenye unene wa takribani nusu milimita, inaning'inizwa kwenye fuawe na ncha yake kuingizwa tunduni. Mkononi mwa daktari aliyebobea, wagonjwa takribani 9 kati ya 10 hupata nafuu kubwa. Lakini mgonjwa mmoja hivi katika mia hupoteza usikivu wa sikio hilo moja kwa moja, na hatari hiyo hupanda mkono ukiwa mchanga.

Kwetu Afrika Mashariki, hata hivyo, otosklerosi si mgeni wa kila siku. Kinachoharibu vifupa zaidi ni usaha. Sikio la mtoto linalotoa usaha miezi na miaka, huku nyumbani wakisema litapona akikua, huliwa polepole kwa ndani, na mara nyingi fuawe ndiyo hutangulia. Linaniuma hili, maana dalili iko wazi kwa kila mwenye pua na macho. Ngoma iliyotoboka huzibwa kwa utando au gegedu ya mgonjwa mwenyewe. Pengo la vifupa huungwa kwa kijiti cha titani, au kwa fuawe ya mgonjwa mwenyewe iliyochongwa upya, kipandikizi kisichonunuliwa.

Machi 2019, Profesa Mashudu Tshifularo wa Chuo Kikuu cha Pretoria alitangaza kuwa amepandikiza vifupa vilivyotengenezwa kwa printa ya 3D. Habari ilisambaa mitandaoni kana kwamba uziwi wote umepata dawa. Si hivyo. Vifupa vya bandia vilikuwapo tangu miaka ya 1950. Kipya kilikuwa namna ya kuvitengeneza vimkae mgonjwa husika. Tena vifupa haviwezi kumsaidia mtu ambaye seli zinazosikia, ndani ya ule mfereji wa konokono, ndizo zimekufa. Huyo huhitaji kipandikizi cha aina nyingine, kama vile vilivyoanza kuwekwa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017.

Sasa, kifaa chenyewe ni kidogo, kisanduku kinatosha kukisafirisha. Mkono wa kukiweka ndio adimu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 inasema karibu nchi 8 kati ya 10 za kipato cha chini hazina hata bingwa mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni.

Kwa nini bingwa huyo hafundishwi upesi? Fikiria chumba anachofanyia kazi. Juu tu ya kikuku inapita neva inayoendesha misuli ya uso, ndani ya ganda jembamba la mfupa, na kwa watu wengine ganda hilo halipo kabisa. Kati ya nyundo na fuawe unapita uzi wa neva ya ladha. Chini ya wayo kuna majimaji ambayo yakinyonywa kwa bahati mbaya, usikivu huondoka nayo. Yote hayo huyaona kwa hadubini, na mtetemo wa kidole usioonekana kwa macho huko huonekana kama tetemeko.

Ndiyo maana mwanafunzi huanza mbali na mgonjwa. Wapo wanaotobolea ganda la yai bichi kwa kekee mpaka wauone utando wa ndani bila kuuchana. Wapo wanaotumia vichwa vya kondoo, maana vifupa vyao vinafanana na vyetu. Mifupa iliyochapwa kwa printa nayo inasaidia. Lakini shule yenyewe ni mfupa wa sikio wa marehemu. Mwanafunzi huubana mezani, huuchonga kidogo kidogo huku maji yakitiririka kupoza kekee, akiifuata neva ya uso kwa makusudi kutoka mwanzo hadi mwisho, ajue rangi ya mfupa inavyobadilika anapoikaribia. Hapo akiikata, hakuna uso unaopinda. Huchukua mfupa mwingine, akaanza tena.