Makabidhiano ya eneo ni nini? Mfano wa Msumbiji, 1974–1975

Makabidhiano ya eneo ni mapatano ya namna mamlaka yatakavyotoka kwa mtawala anayeondoka na kumfikia anayepokea, huku askari wa yule anayeondoka wakiwa bado kambini na silaha zao. Wengi huyachanganya na kusitisha mapigano. Kusitisha mapigano ni kunyamazisha bunduki. Makabidhiano yanajibu swali gumu zaidi: kuanzia saa hii, katika kambi hii, kituo hiki cha polisi na benki hii, amri inatoka kwa nani?

Tutazame Msumbiji, iliyokuwa koloni la Ureno. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliipindua serikali yao mjini Lisbon. Mwezi Juni waziri wa mambo ya nje wa serikali mpya ya Ureno, Mário Soares, akakutana mjini Lusaka na Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kwa silaha. Ureno ilitaka mapigano yasimame kwanza, mengine yafuate. FRELIMO ikakataa, na ilikuwa na haki kukataa. Jeshi la msituni likishaacha kupigana linabaki mikono mitupu mezani, ilhali mkoloni bado ameshika bandari, viwanja vya ndege, redio na hazina. Ndiyo maana utaratibu ndio roho ya makabidhiano: kwanza haki ya uhuru itambuliwe, kisha anayepokea atajwe na tarehe iwekwe, ndipo bunduki zinyamaze. Ureno iliitambua haki hiyo kwa sheria ya tarehe 27 Julai.

Wakati viongozi wakivutana, askari wa Ureno hawakuona tena sababu ya kufa. Tarehe 1 Agosti wapiganaji wa FRELIMO waliizingira kambi ya Omar, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado karibu na mto Ruvuma, wakawaita Wareno kwa kipaza sauti. Kikosi kikajisalimisha na kuvushwa hadi Tanzania kama mateka. Kambi ikianguka namna hiyo, mjumbe wa Ureno aliye mezani hana tena cha kudai.

Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini tarehe 7 Septemba 1974. Mapigano yalitakiwa kukoma saa sita usiku wa kuamkia tarehe 8. Uhuru uliwekwa tarehe 25 Juni 1975, siku ya kumbukumbu ya kuundwa kwa FRELIMO jijini Dar es Salaam mwaka 1962. Kwa miezi ya katikati viliundwa vyombo vitatu: Kamishna Mkuu akiwakilisha Ureno, serikali ya mpito, ambayo FRELIMO iliteua waziri mkuu na theluthi mbili za mawaziri, na tume ya pamoja ya kijeshi yenye wajumbe sawa kwa sawa, kazi yake kubwa ikiwa kusimamia usitishaji wa mapigano. Mkataba uligusa hata madeni, na ukasema benki kuu ianzishwe. Vipengele hivi havisisimui, lakini bila hivyo nchi hupokea bendera na kabati tupu.

Hatari kubwa iko kwenye pengo kati ya saini na kushika kazi. Serikali ya mpito, chini ya waziri mkuu Joaquim Chissano wa FRELIMO, iliapishwa tarehe 20 Septemba, siku 13 baada ya saini. Siku ileile ya saini, walowezi waliopinga mkataba waliiteka redio ya Rádio Clube mjini Lourenço Marques, Maputo ya leo, wakaishikilia hadi tarehe 10. Vitongoji vikalipuka kwa ghasia na watu wengi wakauawa. Anayeondoka alikuwa amekwisha kukata tamaa, anayepokea alikuwa hajafika. Kwa hiyo vikosi vya kulinda redio, umeme na maghala ya silaha vinapaswa kuwa mahali pake kabla wino haujakauka.

Hatari ya pili ni kutokuwa na mpokeaji mmoja. Mkataba wa Alvor wa tarehe 15 Januari 1975 uliigawa Angola, koloni jingine la Ureno, kwa vyama vitatu vya ukombozi, MPLA, FNLA na UNITA. Kwenye karatasi, kila chama kingetoa askari 8,000 kuungana na Wareno 24,000 katika jeshi la mseto. Vyama vikaishia kupigana vyenyewe kwa vyenyewe, na mwezi Novemba Kamishna Mkuu wa mwisho akatangaza kwamba anaukabidhi uhuru kwa "watu wa Angola", akaondoka. Hakukuwa na serikali moja ya kupokea funguo.

Na kuna vitu ambavyo havikabidhiwi siku ya bendera. Bwawa la umeme la Cahora Bassa, kwenye mto Zambezi, lilibaki chini ya kampuni ambayo Ureno ilikuwa na hisa nyingi, kwa sababu ya deni la ujenzi. Msumbiji ilikuja kulishika tarehe 27 Novemba 2007, miaka 32 baada ya uhuru.